Utrasaundi ya tumbo Sinza: nyota nne, ya tano mapokezi wameila

Nimeenda pale usiku na mwanangu wa miaka 9, kajikunja kwenye bajaji kashika tumbo kulia kwa chini, homa, katapika mara mbili, zahanati walishasema hiki kidole tumbo hiki, kapasuliwe, asile wala asinywe kitu. Hospitali daktari wa zamu kambonyeza akasema bado sijaridhika, kapigeni utrasaundi mje na majibu, mashine yetu mbovu.

Sasa mapokezi. Dada anataka mtoto anywe maji lita nzima kibofu kijae. Namwambia, mdogo wangu, huyu mtoto huenda akapasuliwa usiku huu, ananijibu ndo utaratibu. Mpaka mpimaji katoka mwenyewe, kasema kibofu kujaa ni kwa wadada wanaoangaliwa kizazi, huyu dogo aingie.

Huyo mpimaji jamani! Kamwambia dogo nionyeshe kwa kidole kimoja panapouma, jeli kaipasha kwanza kiganjani, akawa anakandamiza kile kidude taratibu, dogo akishusha pumzi anazidisha kidogo, eti anaisogeza hewa ya utumbo. Kanigeuzia skrini: mama ona, kamrija haka ndo kidole tumbo, milimita 4, nikikibonyeza kinabonyea, kikiwa kinaumwa kwa kawaida kinavimba kupita 6 na hakibonyei. Pembeni vitu vyeusi kama maharage vimerundikana, akasema tezi za utumbo hizo zimevimba, mafua huweza kuzivimbisha zikauma kama kidole tumbo, alikuwa na mafua? Nikashtuka, wiki nzima alikuwa nayo, na koo juu! Figo pia kaziangalia, maana jiwe likishuka nalo linauma hapohapo (jirani yangu alilia kidole tumbo kumbe jiwe).

Nikauliza kwa hiyo hapasuliwi? Akasema hilo la daktari wako, mi naandika nilichokiona, na kuna siku kinajificha nyuma ya utumbo sikipati kabisa, hapo naandika sijakiona, siandiki ni kizima, daktari akitaka anawapeleka siti skani. Hapo ndo nilimwamini.

Elfu 40, majibu dakika 20. Daktari kasoma, kasema hatupasui, kamlaza kwa uangalizi na panado na dripu, akawa anarudi kumbonyeza kila baada ya masaa kadhaa, siku ya tatu dogo anapiga danadana kibarazani.

Parking hamna, na mkienda bebeni khanga nzito, AC ya kile chumba ni ya kugandishia samaki.