FC 24 bado tamu

Jamani mimi hii FC 24, gemu ya mpira ya kampuni ya EA, naipenda kwa moyo wote, ndio ya kwanza tangu EA waachane na jina la FIFA mwaka 2023 na watu hapa Kisauni walikua washaizika kabla hata haijatoka. Kilichonishika ni Ultimate Team, ile sehemu unajipangia kikosi chako mwenyewe, wanawake na wanaume wanacheza timu moja. Juzi kwa binamu yangu nimemueka Alexia Putellas, yule kiungo wa Uhispania, kati, akaachia pasi moja ikapita kwa mabeki watatu, yule mdogo wetu alokua akila mishkaki kasimama nayo mkononi! Makipa ndio wananiudhi wallahi, mpira mwepesi wanautema miguuni mwa straika. Lakini kama una pedi mbili nzuri za kuchezea gemu na stima haipotei, inunue tu.