Sabuni ya Mwani ya Unguja: Uliza Imekaa Wiki Ngapi

Mwani unalimwa pwani ya mashariki ya Unguja tangu 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Ukiuzwa mkavu haulipi jasho lake, kwani kilo saba hadi kumi za mbichi hutoa kilo moja tu kavu. Ndiyo maana vikundi vimeingia kwenye sabuni: kipande kimoja kinaweza kuuzwa kwa bei inayozidi ya kilo nzima ya mwani.

Na sabuni yenyewe ni nzuri kweli. Kwa kuwa ni ya mafuta ya nazi, inatoa povu hata kwa maji ya kisima yenye chumvichumvi. Mwani unaongeza utelezi. Kipande kikikwaruza ngozi, unga wa mwani haukuchekechwa vizuri au umezidi. Gramu 20 hadi 30 kwa kilo ya mafuta zinatosha.

Wanaoijua kazi hupima kostiki, kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, kwa mizani, si kwa kikombe. Kilo moja ya mafuta ya nazi humaliza takriban gramu 183 za kostiki. Fundi mzuri anatia 150 hadi 165, mafuta kidogo yabaki, maana sabuni ya nazi tupu hukausha ngozi. Kostiki humiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki, na chombo kisiwe cha alumini kwa sababu kinaliwa. Mafuta ya karafuu, gramu 5, huja mwisho kabisa: yakitangulia, mchanganyiko unaganda ndooni kabla ya kufika kwenye kalibu.

Kasoro kubwa ni haraka. Sabuni hii inataka wiki nne hadi sita kwenye rafu yenye hewa. Kikundi kisicho na fedha ya kununua mafuta mengine huitoa wiki ya pili, nayo inayeyuka bafuni upesi, na ikifungwa kwenye plastiki inatoka jasho. Hapo ufundi haujakosekana, mtaji ndio umekosekana. Mwenye duka au hoteli anayechukua mzigo kwa mali kauli anaongeza tatizo hilo hilo. Anayelipa nusu wakati wa kuagiza anawanunulia akina mama muda wa kusubiri.

Kwa mnunuzi: bonyeza kipande kwa kidole gumba. Kikibonyea, kiache. Chagua kilichofungwa kwa karatasi yenye tarehe ya kutengenezwa, na nyumbani kiweke kwenye kisahani chenye matundu.