Bwawa la upepo uwani: linavyofaa kwa fukuto la Tanga

Kaskazi ikishaanza kuvuma, kuanzia Desemba mpaka Machi, maduka ya Ngamiani hupanga barazani vifaa vya kuwapoza watoto: feni za kurusha mvuke wa maji, vinyunyizio vya kuchomeka kwenye mpira wa bustani, na mabwawa ya plastiki ya kujaza upepo. Kwa nyumba ya Tanga yenye watoto, cha kununua katika hivyo vitatu ni bwawa. Feni ya mvuke iache dukani. Kinyunyizio kinafaa kwa mchezo wa nusu saa, basi.

Sababu iko kwenye aina ya joto. Feni ya mvuke ni kifaa cha jangwani. Riyadh, au Phoenix kule Arizona, mwezi Julai joto hupita digrii 40 na hewa ni kavu. Tone likirushwa hukauka hapo hapo, na katika kukauka huondoka na joto. Hewa ya digrii 40 yenye unyevu wa asilimia 15 inaweza kushushwa kwa njia hiyo hadi karibu digrii 21. Hewa ya Tanga ya digrii 32 yenye unyevu wa asilimia 70 haishuki chini ya 27 hata ukirusha pipa zima. Joto letu ni fukuto: jasho linachuruzika na halikauki. Ukiongeza mvuke chumbani, shuka zinanata, mbao za kabati zinavimba, na baada ya wiki mbili ukungu unaanza kuota nyuma ya godoro.

Majini hali ni nyingine, kwa kuwa maji hayangoji hewa iwe kavu. Yanapokea joto la ngozi moja kwa moja, kwa kasi ya mara 25 hivi kuliko hewa. Ngozi ya mtoto ina digrii 33 au 34, kwa hiyo maji ya digrii 29 yanampoza vizuri kabisa.

Aina tunayoizungumzia ni ile ya mstatili yenye pete tatu za upepo, sentimita 305 kwa 183, ukuta wa sentimita 56. Ikijazwa hadi kina cha sentimita 40 inabeba kama lita 1,000, na watoto wanne wanaenea pamoja na mtu mzima mmoja aliyekaa. Yale madogo ya duara ya sentimita 150 yanamfaa mtoto wa chini ya miaka mitatu, lakini maji yake ni machache, yanapata moto upesi, na hayana budi kumwagwa kila siku.

Dukani, usiridhike na boksi. Omba lifunguliwe. Pitisha vidole kwenye mshono wote wa pete ya chini, kwa sababu hapo ndipo uzito wa maji unapokaa. Mshono mzuri ni bapa, upana wake unalingana kila mahali, hauna vikunjo. Ukiona mahali plastiki imekunjamana kama kitambaa kilichopigwa pasi vibaya, hapo upepo utapita. Angalia na vizibo: kizuri kina ulimi wa ndani unaozuia upepo usirudi pale unapochomoa pampu. Kisicho na ulimi kitakupotezea nusu ya upepo kila unapokimbilia kukifunga. Hakikisha pia kuna tundu la kutolea maji chini ya ukuta. Bila hilo utateka ndoo 50.

Mahali pa kuliweka panataka kufikiriwa kuliko bwawa lenyewe. Lita 1,000 ni tani moja, na kina cha sentimita 40 kinakandamiza kila mita ya mraba kwa kilo 400. Usiliweke ghorofani kwenye kibaraza, wala juu ya zege la paa. Kwenye nyumba zetu za Kiswahili zenye ua nyuma kuna hatari nyingine ambayo watu huisahau: karo, yaani shimo la maji machafu. Mfuniko wa karo mara nyingi umemwagiwa zege jembamba na kusawazishwa na sakafu ya ua, mgeni hawezi kuujua. Mwulize mwenye nyumba karo liko wapi kabla hujatandika chochote.

Sakafu ya ua huwa na mteremko wa kupeleka maji ya mvua kwenye mfereji. Mteremko wa sentimita 5 kwa urefu wa mita 3 unatosha kuharibu kazi: maji yanalalia upande mmoja, ukuta wa huko unabinuka nje, na watoto wawili wakiuegemea pamoja unalala na maji yote yanatoka kwa mkupuo. Weka pima maji juu ya ubao mrefu. Kama panainama, mwaga mchanga laini uliochekechwa, usawazishe kwa ubao, kisha tandika turubai na juu yake zulia kuukuu au majamvi mawili. Bila hivyo, kokoto moja au mwiba wa mbigiri unatosha kutoboa sakafu ya plastiki yenye unene usiofika nusu milimita.

Kivuli ni nusu ya kazi. Bwawa likiachwa juani tangu asubuhi, saa tisa alasiri maji yake ni ya uvuguvugu wa kuogea mtoto mchanga, na hapo faida yote imepotea. Watu hujaribu kuyaokoa kwa barafu ya kuhifadhia samaki. Ni hasara tupu: kilo 10 za barafu zikiyeyuka kwenye lita 1,000 hushusha joto kwa digrii moja tu, na barafu ile haikutengenezwa kwa ajili ya mtoto kuingiza mdomoni. Funga neti nyeusi ya kivuli ya asilimia 80 mita mbili na nusu juu ya bwawa, upande wa magharibi ikishuka zaidi, maana jua la alasiri huja kwa chini. Mwembe unatoa kivuli kizuri ila Desemba unaangusha maembe na utomvu. Chini ya mnazi usiweke kamwe.

Kujaza upepo kuna kosa moja linaloua mabwawa mengi kuliko miiba. Mtu anapuliza jioni penye ubaridi, anakaza mpaka pete inalia kama ngoma, kesho yake saa sita mshono unaachia kwa mlio. Hewa iliyofungwa ikitoka digrii 26 hadi digrii 50 juani hutanuka kwa asilimia 8 hivi, na plastiki yenyewe wakati huo imelainika. Jaza mpaka ukibonyeza kwa dole gumba pete inaingia kama sentimita mbili, uishie hapo. Tumia pampu ya mguu au ya mkono. Mashine ya fundi pancha ina nguvu mno kwa kifaa hiki; sekunde chache zinatosha kupasua mshono.

Lita 1,000 ni uniti moja ya maji kwenye bili. Bomba linalotoa lita 10 kwa dakika litajaza kwa saa moja na dakika 40. Ukitoa kwenye simtanki la lita 1,000, ujue nyumba itabaki bila maji ya kupikia. Maji ya Tanga mjini yanatoka bwawa la Mabayani kwenye Mto Zigi, na msimu wa joto ndio kila mtu anayahitaji, kwa hiyo kumwaga tani moja kila siku si jambo la kujivunia. Maji ya kisima yanafaa pia, ila visima vya karibu na bahari huwa na chumvi, na penye madini ya chuma maji yatageuka rangi ya chai ukitia klorini.

Bwawa hili halina chujio, hivyo siku tatu ndiyo mwisho wa maji yaleyale, na hizo tatu ni kwa dawa. Kwa lita 1,000 tia mililita 60 za jiki ya asilimia 3.5, yaani vijiko vinne vya chakula, isiyo na manukato wala sabuni. Hiyo inaleta miligramu 2 hivi za klorini kwa lita. Changanya kwanza kwenye ndoo ya maji, mwaga ukizunguka bwawa, koroga, subiri nusu saa. Fanya hivyo jioni baada ya watoto kutoka, urudie asubuhi, kwa sababu jua huiua klorini ndani ya saa chache. Ukitumia unga wa klorini wa asilimia 65, gramu 3 zinatosha, na lazima uyeyuke wote ndooni, jambo ambalo watu hulipuuza: chembe ikitua sakafuni bila kuyeyuka inaunguza plastiki na kuacha doa jeupe litakalopasuka baadaye. Jiki usiichanganye na dawa ya kusafishia choo. Hutoa hewa ya sumu.

Mafuta ya nazi ni adui wa klorini. Mtoto aliyepakwa akiingia, utaona utando unang'aa juu ya maji, na siku ya pili ukuta una mstari wa uchafu unaoteleza ukiugusa. Mwogeshe kwanza kwa kata mbili tatu, na weka beseni la kuoshea miguu pembeni ya bwawa. Mwenye kuhara asiingie kabisa.

Yakifika siku tatu, au yakigeuka maziwamaziwa kabla ya hapo, mwaga. Siku ya kumwaga usitie dawa asubuhi, na jioni yanafaa kumwagilia michaichai na migomba, kusafisha choo na kuosha ua. Usiyaelekeze kwenye karo, tani moja kwa mpigo italifurisha. Na usiyaache yasimame wiki nzima bila mtu kuyatumia: mbu wa dengi anahitaji siku saba hadi kumi tu kutoka yai hadi kuruka.

Kuhusu muda, kabla ya saa nne asubuhi na baada ya saa kumi alasiri. Tanga iko nyuzi 5 kusini ya ikweta, na mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri linapita utosini hasa. Kivuli cha mtu kinaishia miguuni pake. Watoto wanaokaa majini hutokwa jasho bila kujua, kwa hiyo madafu au maji ya ndimu yenye sukari na chumvi kidogo yawepo karibu, kila nusu saa wanywe.

Jambo ambalo hatutalilegezea ni usimamizi. Mtoto mdogo huzama kwenye maji ya sentimita chache, ndani ya dakika, na hapigi kelele. Mtu mzima mmoja akae umbali wa kumfikia kwa mkono, simu akiwa ameiacha ndani, na akitaka kuondoka amtaje kwa jina anayempokea. "Mama Asha, nakuachia watoto" inatosha. Kaka wa miaka kumi si msimamizi. Kwa wa chini ya miaka mitano, kina kisizidi sentimita 20, na wakishatoka bwawa lifunikwe kwa turubai lililokazwa kamba au mlango wa ua ufungwe kwa komeo la juu.

Kutoboka kutatokea. Paka povu la sabuni kwenye pete, tafuta mapovu yanayokua. Solusheni ya pancha ya baiskeli imetengenezwa kwa mpira, haishiki plastiki hii. Gundi ya mabomba inashika, kisha inakauka ngumu na kukatika pale panapojikunja. Tumia gundi ya vinaili na kipande kilichokuja na bwawa. Toa upepo wote, futa kwa spiriti, kata kiraka cha duara kinachozidi tundu kwa sentimita 3 kila upande (chenye kona hubanduka kuanzia konani), bandika, weka kitu kizito juu, acha saa 12.

Walio karibu na bahari, Raskazone au Sahare, wanaweza kuwapeleka watoto baharini na kuokoa uniti nyingi wakijua kalenda ya mwezi. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari hujaa kwenye saa kumi au kumi na moja jioni, wakati mzuri kabisa kwa watoto. Saa nne tano asubuhi imekupwa mbali, na yaliyobaki ni matope na mawe. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume chake, hujaa asubuhi. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Vaa viatu vya plastiki kwa ajili ya mawe na wale wanyama weusi wa miba.

Masika yakikaribia, bwawa litolewe. Lioshe kwa sabuni ya maji, lianike kivulini mpaka ndani ya mikunjo pakauke, nyunyiza poda ya mtoto ili plastiki isigandamane, likunje bila kulikaza. Liweke ndani ya ndoo kubwa yenye mfuniko, uining'inize darini kwa waya mwembamba ambao panya hawezi kuushukia.