"Ulinunua ulalie au uchome?" Uzoefu wangu na mashuka ya Kariakoo

Sijawahi kuandika habari za mashuka, ila yule kijana muuza mashuka wa Kariakoo amenifikisha hapa. Duka sitalitaja, na hata ningetaka, risiti yenyewe hakunipa.

Lilikuwa joto la kaskazi, lile la Dar la kutamani kulala mlango wazi kama si wezi. Nilitaka mashuka ya pamba, basi. Kijana akanitolea pakiti: mashuka mawili, foronya nne, sita kwa sita, maua ya zambarau, laini kama mgongo wa paka. "Kotoni mia kwa mia, dada yangu, soma lebo mwenyewe." Nikatoa 45,000 bila hata kubishana sana. Hapo nilijikoroga mwenyewe, maana nilishika ule ulaini nikadhani ndiyo pamba. Pamba mpya ina ukavu fulani mkononi, na ukiifinyanga kwenye kiganja ukaachia, inabaki na makunyanzi. Hii ilijikunjua kama haijaguswa na mtu.

Usiku wa kwanza umeme ukakatika, feni ikasimama. Saa nane nikaamka mgongo chapachapa. Jasho halikuingia kwenye shuka, lilikaa juu yake kama maji kwenye mfuko wa nailoni, na shuka lenyewe limeteleza limejirundika miguuni. Mume wangu alishahamia mkekani zamani, hakuniaga.

Asubuhi nikachomoa uzi kwenye pindo, nikawasha kiberiti. Uzi wa pamba huungua kama karatasi, hunuka karatasi, na jivu lake ukilisugua linapotea. Huu ulijikunja ukaukimbia moto, ukayeyuka, ukaacha kitone cheusi kigumu kama kichwa cha pini. Poliesta! Plastiki ileile ya chupa za maji, ila imevutwa nyuzi ikachorwa maua.

Nikarudi dukani. Siku ya kununua nilikuwa "dada yangu", siku ya kurudisha nikawa "bimkubwa". Nikachoma uzi mwingine palepale mbele yake, wateja wanaona. Akakitazama kile kitone, akanitazama mimi, akasema taratibu kabisa: "Bimkubwa, kwani ulinunua ulalie au uchome?"

Duka zima likacheka. Hata mbeba mizigo aliyekuwa anapita na jora begani alisimama kucheka. Na kinachoniuma mpaka leo ni kwamba mimi mwenyewe kidogo nicheke. Kisha akanyoosha kidole kwenye karatasi ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Angesema tu "samahani mama, na mimi niliuziwa hivyohivyo", tungemalizana pale pale.

Basi mashuka hayo sifuri. Bibi yangu Pangani alilalia merikani, pamba isiyopaushwa, iliyobaki na jina hilo tangu meli za Marekani zilipokuwa zikiileta Zanzibar karne ya 19. Mpya inakwaruza kama gunia, lakini kadiri inavyofuliwa ndivyo inavyolainika, na usiku wa joto inakunywa jasho lako lote. Leo Shinyanga na Simiyu wanalima pamba, sehemu kubwa inasafirishwa nje ikiwa ghafi, halafu mimi nauziwa chupa ya maji yenye maua! Baadaye nilipata shuka la mtumba soko la Karume, pamba nzito, jeupe, pembeni lina namba imeshonwa kwa uzi mwekundu, sijui la hoteli au la hospitali, sikutaka kujua. Shilingi 8,000. Nililala kama mfu.

Haya, niseme na la haki. Masika yalipoanza, hilo la mtumba lilikaa kambani siku mbili likaanza kunuka uvundo. Ya zambarau nilikuwa nayafua asubuhi, mchana yamekauka, pasi hayaitaki, rangi bado inawaka. Mwenye mtoto anayekojoa kitandani atanielewa. Kwa hiyo sifuri niliyotoa juu naifuta, naweka nyota mbili. Moja na nusu, maana pale miguu inaposugua yameshatoa vinundu.

Sasa sikieni. Wifi yangu wa Lushoto alikuja akaondoka nayo yote mawili, nilimpa kwa hasira tu. Kule mwezi wa sita baridi inauma, hakuna jasho la kunyonya. Amepiga simu anayasifu, mashuka gani haya wifi, mbona mazuri hivi, majirani nao wanayataka, nimtumie pea tatu.

Pea tatu. Kwa yule yule. Pesa ameshatuma kwenye simu, ila mimi mguu wangu pale haukanyagi, nitamtuma mwanangu, na nimemwambia akiulizwa ni mtoto wa nani anyamaze.