Kusi, lacha wangu wa kufuatia ayala waliojeruhiwa: uzoefu wa misimu mitatu

Kusi ni mbwa jike, anaelekea miaka mitano. Kimo chake begani ni sentimeta 64, uzito kilo 27, manyoya ya kijivu yamesimamasimama kama ya mbuzi aliyenyeshewa. Hapa Herefordshire, England, mbwa wa namna yake huitwa lurcher. Mimi nitaandika lacha. Si mbegu halisi, ni chotara. Upande mmoja kuna mbwa wa mbio anayewinda kwa macho, kama greihaundi, saluki au dirihaundi wa Uskoti. Upande wa pili kuna mbwa wa kazi, mara nyingi koli wa kuchungia kondoo, au teria. Anayewachanganya anatafuta mbio za huyu na akili ya yule, na si kila mara huvipata vyote viwili.

Kwanza ieleweke anafanya kazi gani. Zamani lacha wakubwa walifugwa wamkimbize ayala (deer kwa Kiingereza) mpaka wamwangushe. England na Wales wamelipiga marufuku jambo hilo kwa sheria ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika tarehe 18 Februari 2005; Uskoti walitangulia mwaka 2002. Kilichobaki halali ni kazi chache zenye masharti, mojawapo ni kumtafuta mnyama aliyejeruhiwa ili asiendelee kuteseka, kwa mbwa wasiozidi wawili na idhini ya mwenye ardhi. Mimi nawinda kwa bunduki yenye leseni kwenye mashamba matatu ya tufaha, ambako ayala wanakula miche na kukwangua magome. Risasi ikikaa vibaya, ndipo Kusi anashuka garini.

Kabla yake nilikuwa na dume, karibu greihaundi mtupu. Nilimnunua mwaka 2015 kwa sababu moja tu: mbio. Muuzaji alimwachia uwanjani nikaona vumbi. Sikuuliza kama anasikia akiitwa. Mara ya tatu kumpeleka shambani, ayala wawili wazima walichomoka kwenye ua wa miti mbele yetu, naye akawaunga. Nilipiga filimbi mpaka midomo ikafa ganzi. Aliruka seng'enge ya pili akakwama kwa paja, na ngozi ikafunguka kama mfuko wa unga uliokatwa kwa wembe. Mbwa hawa wana mafuta kidogo sana chini ya ngozi, ngozi yenyewe nyembamba kama kitambaa cha kanzu. Nyuzi ishirini na mbili, usiku kucha kwa daktari wa mifugo. Alipona, lakini sikumpeleka kazini tena. Aliishi miaka yake iliyobaki kwenye kochi letu, na mke wangu alimpenda kuliko mimi. Kosa lilikuwa langu, nalo limo katika kila jambo ninaloandika hapa.

Ndiyo maana nasema, anayetaka lacha wa ayala aanze na masikio. Mbwa asiyesimama kwa neno moja, hata ayala mzima apite hatua kumi mbele yake, hafai kwa kazi hii. Anaweza kukuvunjia sheria kabla hujamaliza kutamka jina lake. Kusi ni robo koli, robo dirihaundi, nusu greihaundi, na hiyo robo ya koli ndiyo ninayoisifu kuliko zote. Akiwa na miezi mitano nilikuwa nampitisha katikati ya kondoo wa jirani kila asubuhi, kamba ikiburura chini, mpaka kondoo wakawa kwake kama mawe.

Pili ni pua. Watu husema mbwa wa macho hanusi. Si kweli, ila hupenda kuinua kichwa na kutafuta kwa macho, kwa hiyo lazima umzoeze kuinamisha pua. Nilitumia damu ya ayala niliyoigandisha kwenye friji, nikiidondosha tone tone, kisha nikikokota ukwato juu ya mstari ule ule. Mwanzo mita hamsini na kusubiri nusu saa. Baadaye mita mia tano, damu imelala usiku mzima. Anafanya kazi hiyo akiwa kwenye kamba ya mita kumi na ukosi mpana wa ngozi. Ukosi huo anaujua: nikimvika shingoni, mwendo wake unabadilika.

Novemba iliyopita, saa moja na nusu asubuhi, nilimpiga jike wa aina ya roe. Hawa ni ayala wadogo, mkubwa wao hufika kilo ishirini na tano hivi. Risasi ilikwenda nyuma ya mahali nilipokusudia. Niliona alivyojikunja mgongo kabla ya kuingia msituni, nikajua. Mahali aliposimama palikuwa na damu kidogo, nyeusi, na vipande vya majani yaliyotafunwa. Damu ya mapafu huwa na povu la waridi, na mnyama huwa hafiki mbali. Ile ya tumbo inakutaka usubiri, maana ukimfuata mapema ataamka na kwenda mbali zaidi na maumivu yake. Nilikaa garini saa nne. Ni saa ndefu kwa mtu anayejua kuna kiumbe analala na risasi yake tumboni.

Saa tano na nusu nikamvika Kusi ukosi. Mita mia mbili za kwanza alikwenda kama mtu anayesoma. Kwenye kijito akapoteza mstari. Mimi ningevuka moja kwa moja, lakini yeye alirudi, akazunguka mara mbili, akapanda na maji kama mita thelathini. Pale kwenye jani la mkangaga, doa dogo kama punje ya mtama. Nisingeliona maisha. Mbele kidogo, kwenye kichaka cha miiba, jike akanyanyuka. Hapo ndipo mbio zinapohitajika, na hapo peke yake. Nilimfungua Kusi. Ayala hakufika hata nusu ya uwanda. Kusi alimshika shingoni, akamlaza, akatulia bila kumtikisa wala kumrarua. Nikafika, nikasema bismillahi, nikammaliza mara moja.

Jambo hilo la mdomo ni kubwa kwangu kama Mwislamu, mtoto wa Tanga niliyekua nikiambiwa mbwa asiguse hata kizingiti. Sura ya Al-Maida, aya ya nne, inaruhusu kinachokamatwa na wanyama wa kuwindia waliofundishwa, na hadithi ya Adi bin Hatim, sahaba wa Mtume, inaweka sharti kwamba mbwa akila, usile, kwani amejikamatia mwenyewe. Masuala mengine ya fiqhi muulize sheikh wako. Lakini mimi naona sharti hilo na la mwindaji mzuri yeyote ni moja. Mbwa anayekula mawindo hajafundishwa. Kusi, nikisema “basi”, huachia, hurudi nyuma hatua tatu na kulala. Nyama iliyoguswa na meno naikata na kuitupa.

Kasoro anazo. Baridi inamtesa, lazima avae koti akimaliza kazi. Vidole vyake huumia kwenye ardhi iliyoganda. Ukimlisha kabla ya kukimbia unahatarisha maisha yake, kwani mbwa wenye kifua kirefu hupatwa na tumbo kujisokota. Na kila daktari anayetaka kumpa nusukaputi namkumbusha kwanza kwamba ana damu ya greihaundi, maana dawa nyingine hukawia kutoka mwilini mwao. Paka wa jirani naye, mpaka leo, sijaweza kumwamini karibu yake.

Nilimlipia pauni 600 mwaka 2021, akiwa na wiki tisa. Nilimwona mama yake akifanya kazi, si amelala kibandani. Alitumwa kwenye kona ya shamba, akasimamishwa njiani kwa filimbi, akasimama. Nilitoa hela hapohapo. Sheria ya England sasa inataka mbwa mchanga anunuliwe kwa mfugaji mwenyewe au achukuliwe kwenye kituo cha uokozi, naye awe na chipu ya utambulisho chini ya ngozi kabla ya wiki nane. Lakini chipu haikuambii kama mama anasikia. Omba uonyeshwe akiitwa wakati sungura anakimbia, na mfugaji akikataa, shukuru uondoke.

Mama yake Kusi sasa amezeeka, hazai tena. Mfugaji ameniambia dada wa tumbo moja na Kusi atapandishwa masika haya, na jina langu liko la kwanza kwenye daftari lake.