Uzoefu wangu na vipindi vya waakiolojia wanaochimba bustani za watu

Kama unapenda historia lakini umechoshwa na vipindi vya makasri na makaburi ya wafalme, tafuta vile vya Uingereza ambamo waakiolojia wanabisha hodi kwa mtu wa kawaida na kumwomba ruhusa ya kuchimba bustani yake. Nimeangalia vingi vya namna hiyo. Ninavyovirudia ni viwili, vyote vilivyotoka kituo cha televisheni cha Channel 4: Time Team, kilichorushwa kuanzia 1994 hadi 2014, na The Great British Dig, cha miaka ya karibuni.

Kwa mambo ya bustani hasa, anza na The Great British Dig. Mtangazaji wake, Hugh Dennis, ni mchekeshaji na mwigizaji. Anaingia mtaa mmoja na timu ya wataalamu, wanazungumza na wenye nyumba, na wakikubaliwa wanafungua mashimo uani kwa huyu na kwa jirani yake. Benwell, kule Newcastle, ndicho kipindi ninachomwonyesha mtu asiyejua chochote kuhusu mambo haya. Mtaa ule umekaa juu ya Condercum, ngome ya Kirumi kwenye Ukuta wa Hadrian, ukuta wa mpaka wa Warumi kaskazini mwa Uingereza, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 122. Upande wa kaskazini wa ngome umefunikwa na hifadhi ya maji, upande wa kusini umejengwa nyumba, na mabaki ya hekalu dogo la mungu Antenociticus yamebaki katikati ya makazi ya watu hadi leo. Ukiyajua hayo, kila mwenye nyumba anayesimama pembeni ya shimo akiwa na kikombe cha chai unamtazama kwa jicho jingine. Kambi ya askari iko chini ya kamba yake ya kuanikia nguo!

Kipindi cha Lenton, Nottingham, nacho kimenikaa moyoni. Pale palikuwa na monasteri kubwa iliyoanzishwa mwanzoni mwa karne ya 12 na kufungwa mwaka 1538, wakati wa Mfalme Henry wa Nane, na mkuu wake akauawa kwa kosa la uhaini. Juu ya ardhi hakukubaki kitu cha maana, kwa hiyo bustani za watu ndiyo njia iliyobaki ya kuifikia.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kazi yenyewe ya shimo. Katika bustani mara nyingi wanaanza na shimo dogo la mita moja kwa moja. Nyasi zinakatwa vipande na kupangwa kando ili zirudishwe zilivyokuwa. Kisha udongo unatolewa tabaka kwa tabaka, kila tabaka sentimita 10, unachekechwa, na kila kilichobaki kwenye chekeche kinaingia mfuko wa tabaka lake. Juu kabisa utaona misumari, plastiki, vipande vya sahani nyeupe zenye maua ya buluu na vijiti vya viko vya udongo. Chini zaidi huenda kikatokea kigae, yaani kipande cha chombo cha udongo, chenye rangi ya kijani kilichopakwa mng'ao, cha zama za kati. Na mahali penye bahati, kipande chekundu kinachong'aa cha chombo cha mezani cha Warumi kilichosafiri kutoka Gaul, yaani Ufaransa ya leo. Lakini bustani imelimwa na kulimwa. Kigae cha karne ya 19 kikitokea chini ya cha Kirumi, maana yake udongo umeshapinduliwa, na tabaka lile haliwezi tena kutaja umri wake. Mtaalamu akisimama na kulieleza hilo mbele ya kamera bila haraka, mimi nimeshalipwa muda wangu wote.

Watu wengi hawajui kwamba mashimo haya madogo yamezaa utafiti mzito. Carenza Lewis, mwanaakiolojia aliyekuwa kwenye Time Team miaka mingi, alikuja kuongoza uchimbaji wa mashimo ya namna hii katika vijiji vya mashariki mwa Uingereza, wakazi na wanafunzi wakichimba wenyewe. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2016 yalitokana na mashimo zaidi ya 2,000, na yalionyesha kuwa vigae vilipungua kwa takriban asilimia 45 baada ya tauni kubwa ya karne ya 14. Watu walikufa, vyungu havikuvunjwa tena. Tangu nilipolielewa hilo, shimo lisilo na kitu halinikatishi tamaa, kwa sababu nalo linaeleza pale pasipokuwa na watu.

Kasoro zipo. Time Team walijiwekea siku tatu kwa kila uchimbaji, na kuna vipindi ambavyo jioni ya siku ya tatu jambo ndiyo kwanza linaanza kueleweka. Vipindi vya aina hii kwa jumla vina tabia ya kurudia yaliyosemwa kila baada ya matangazo ya biashara, na ukiangalia viwili mfululizo inachosha sana. Hata hivyo, ubishani wa Time Team haujapata mpinzani. Waakiolojia wake, Mick Aston na Phil Harding, walikuwa wakipingana kando ya shimo kwa hoja, na mtangazaji Tony Robinson akiwauliza lile swali ambalo wewe mtazamaji unalo mdomoni. The Great British Dig ina ukarimu zaidi kwa wenye nyumba, ila ubishani huo sikuupata.

Sheria ningependa ielezwe kwa kirefu zaidi, maana mtazamaji huchukua koleo. Uingereza ina sheria ya hazina ya mwaka 1996. Ukikuta kwa mfano kitu cha dhahabu au fedha chenye zaidi ya miaka 300, una siku 14 za kutoa taarifa kwa ofisa anayehusika. Na palipoorodheshwa kuwa eneo la kale linalolindwa huruhusiwi kuchimba bila kibali, hata kama bustani ni yako.

Time Team cha zamani unaweza kukiangalia YouTube bila malipo, na kimerudi huko huko tangu 2022 kwa michango ya watazamaji. Nawaomba watayarishaji wa vipindi hivi vyote jambo moja: mtaalamu wa vigae apewe muda. Mara nyingi anaonekana mara mbili, anashika kipande, anataja karne, kamera inaondoka. Mwacheni ageuze kile kipande, atuonyeshe ukingo na udongo wa ndani, atuambie amejuaje.