Fimbo ya kuvulia ya dola 18 kutoka Kadutu, baada ya mashindano yangu ya kwanza

Fimbo ninayoieleza hapa ina vipande sita vinavyoingiana, na urefu wake unafika meta 2.7 inapovutwa yote. Huuzwa katika soko la Kadutu, hapa Bukavu, ikiwa ndani ya mfuko mmoja pamoja na kigurudumu cha kuzungushia mshipi, boya, risasi mbili za kuzamisha mshipi na ndoana chache. Haina jina la kiwanda linalosomeka, kwa hiyo mnunuzi ataitambua kwa rangi yake nyeusi yenye mistari ya kijani, kwa mpini wake wa sponji, na kwa namba 5.2:1 iliyoandikwa ubavuni mwa kigurudumu. Niliilipia dola 18 baada ya kupatana na muuzaji, ambaye aliisifu kwa jambo moja tu: "Yaya, hii inarusha mbali, mshipi utafika hadi Rwanda." Kwa mtu anayevua Bukavu, sifa hiyo ndiyo yenye faida ndogo kuliko zote. Fimbo hii ina uzuri mwingine ambao muuzaji hakuutaja, na niliujua siku ya mashindano ya kwanza ya kuvua niliyoshiriki maishani.

Mashindano yale yaliandaliwa na wapenzi wa mshipi wa mtaa wetu, wazee kwa vijana, kwenye ukingo wa ziwa Kivu upande wa Muhumba. Tulikuwa watu wapatao 20. Kila mmoja alivuta karatasi kutoka ndani ya kofia ili ajue mahali pake pa kusimama, kwa kuwa ukingo haufanani, na ni haki bahati igawe nafasi badala ya umri au urafiki. Muda ulikuwa saa tatu, fimbo moja kwa kila mtu na ndoana moja kwa kila mshipi. Samaki walitunzwa hai ndani ya wavu uliozamishwa majini, na mwishoni uzito wao wote ulijumlishwa kwenye mizani. Samaki aliyepungua sentimita 15 alirudishwa ziwani papo hapo, na vivyo hivyo tilapia jike aliyeonekana amebeba mayai, maana tilapia wetu huyatunza mayai na vifaranga ndani ya mdomo wa mama. Sharti hilo nalisifu kwa moyo wote, na ningependa lifuatwe hata siku zisizo za mashindano.

Mtu anayevua peke yake jioni hana haraka. Mshipi ukimfungamana, ataufungua taratibu huku akizungumza na jirani, na kesho yake atakuwa amesahau. Katika mashindano kila fundo lina gharama yake kwenye mizani, na kila kasoro ya kifaa hujirudia mbele ya macho yako mpaka uielewe ilikotoka. Ndiyo sababu nimeiamini hukumu ya asubuhi ile kuliko ya jioni nyingi za kawaida.

Kuhusu kurusha mbali, ni lazima kwanza kulifikiria umbo la ziwa lenyewe. Kina cha Kivu kinafika karibu meta 480, na kando zake nyingi huteremka kwa ghafla. Oksijeni inayowawezesha samaki kuishi haipatikani chini ya meta 60 hivi kutoka juu; huko chini maji yamejaa gesi ya kaboni dioksidi na methani iliyoyeyuka, na samaki haishi humo. Sambaza, samaki wadogo walioletwa kutoka ziwa Tanganyika mwaka 1959, hukaa katika maji ya wazi na huvuliwa usiku kwa taa na nyavu, kwa hiyo hawamhusu mtu wa fimbo. Tilapia hupenda ukingo penye mawe, majani na matete, ambapo hupata chakula na mahali pa kuzalia. Hivyo ukanda unaomfaa mvuvi wa mshipi ni mwembamba, na mahali pengi mtu akirusha meta 40 atakuwa amekwisha kuupita na kuzamisha chambo chake katika maji makuu yasiyo na mgeni wa kukila.

Filimbi ilipulizwa saa moja asubuhi, wakati mitumbwi ya wavuvi wa sambaza, ile inayofungwa mitatu mitatu kwa miti mirefu, ilikuwa bado inarudi, na nyimbo za wapiga kasia zikitufikia juu ya maji. Wenzangu wa kulia na kushoto walirusha kwa nguvu zao zote. Mimi niliweka boya langu meta nane hivi kutoka ukingoni, kando ya matete, nyungunyungu mmoja akiwa kwenye ndoana na kina kikiwa meta mbili tu. Hapo ndipo nilipoiona sifa ya kwanza ya fimbo hii, nayo ni ncha yake. Tilapia hana papara. Huvuta chambo ndani, hukionja na kukitema, na boya halifanyi zaidi ya kutikisika na kuinama kidogo. Fimbo yenye ncha ngumu humgutusha, naye huacha kabla hujainua mkono. Kipande cha mwisho cha fimbo hii ni chembamba na laini, hujipinda kwa mguso mdogo kabisa, na huyo samaki mwenye shaka hahisi kitu cha kumtisha mpaka ndoana imekwisha kumshika. Vipande vitatu vya chini, kwa upande mwingine, vina nguvu ya kutosha kumgeuza anapotaka kukimbilia mawe. Mchanganyiko huo wa ulaini wa juu na ugumu wa chini ndio unaoyafaa maji yetu, na sikutarajia kuukuta katika kifaa cha bei hii.

Hata hivyo, aliyeshinda siku ile hakuwa na fimbo ya dukani. Alikuwa mzee mmoja mwenye mwanzi mrefu usio na kigurudumu, ambao mshipi wake ulifungwa nchani moja kwa moja na kukatwa kwa urefu uleule wa mwanzi. Samaki aliponasa, mzee aliinua tu, samaki akaja mwenyewe mpaka mkononi, na ndoana ikarudi majini kabla mimi sijamaliza kuzungusha. Kwa samaki wa kiganja kimoja, mwanzi unaishinda fimbo hii bila ubishi. Alipopita nyuma yangu kuchukua chambo, alinitazama kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, acha hicho kigurudumu kipumzike, samaki wako ni wa karibu." Nilimjibu, "Asante, Papa," nikafanya kama alivyosema: nikatoa mshipi wenye urefu sawa na fimbo, nikaifunga breki ya kigurudumu, ile inayozuia mshipi usitoke, nikaanza kuinua badala ya kuzungusha. Fimbo ilikubali kazi hiyo vizuri, kwa kuwa ni nyepesi na haichoshi kifundo cha mkono, na saa ya mwisho ilinipa samaki wengi kuliko saa mbili zilizotangulia. Mnunuzi ajue kwamba kigurudumu hakimlazimishi kuzungusha kila mara.

Kigurudumu kilistahili nafasi yake mara moja, na mara hiyo ilitosha. Alikuja tilapia mkubwa, ambaye baadaye mizani ilimpa gramu 900. Badala ya kuja ukingoni alielekea chini kwenye mteremko, mahali ambapo mwanzi usio na mshipi wa akiba ungelazimika kuvunjika au kumwachia. Mimi nilikuwa nimekwisha kuilegeza breki tena. Ilitoa mshipi bila kugugumia, samaki akachoka, akarudi, nikamwingiza katika wavu wa mkono. Kwa kigurudumu cha bei ndogo, breki laini ni jambo la kushukuru. Jinsi ya kuiweka ni rahisi, nami huifanya kabla ya kutoka nyumbani: hufunga chupa ya maji ya lita moja na nusu mwishoni mwa mshipi, ambayo uzito wake ni kilo moja na nusu hivi, huinua fimbo taratibu, na kukaza breki mpaka chupa ipande, kisha huilegeza kidogo ili mtikiso mdogo wa mkono uufanye mshipi utoke. Kwa mshipi unaobeba kilo tano, kipimo hicho hulinda mafundo na bado humchosha samaki.

Sasa niseme yasiyofaa, na la kwanza ni mshipi unaouzwa na seti. Ni wa nailoni ngumu iliyokaa kwenye bobini muda mrefu mno, hutoka ukiwa umejikunja, hujifunga mafundo wenyewe, na nguvu yake haiaminiki. Mimi nilikuwa nimeutoa wote kabla ya mashindano na kuweka mwingine laini wa milimita 0.25. Jirani yangu, aliyekuja na seti ileile kama ilivyotoka mfukoni, alikatikiwa na samaki mzuri akiwa amekwisha kuonekana juu ya maji, na nilimsikitikia kwa dhati, kwa kuwa mkono wake haukuwa na lawama yoyote. Anayenunua seti hii ahesabu gharama ya mshipi mpya kuwa sehemu ya bei. Na mafundo yaloweshwe kwa mate kabla ya kukazwa, maana nailoni ikikazwa kavu hupata joto la msuguano na kudhoofika palepale penye fundo.

Ndoana nazo ni nene na kubwa kupita kiasi. Mdomo wa tilapia ni mdogo, na ndoana namba 8 au 10 ndizo zinazomfaa. Namba inavyokuwa kubwa ndivyo ndoana inavyokuwa ndogo, jambo ambalo wauzaji wengine hawalielezi. Boya ni zuri. Risasi zinatosha.

Jambo la tatu linahitaji uangalifu wa mnunuzi mwenyewe sokoni. Pete zinazoupitisha mshipi zina duara la ndani linalong'aa kama kigae, na katika fimbo za bei hii baadhi huwa na ufa usioonekana kwa macho. Ufa huo husugua mshipi kila unapopita, na mvuvi hulaumu mshipi wakati kosa ni la pete. Chukua kipande kidogo cha pamba, kipitishe ndani ya kila pete ukikizungusha. Nyuzi zikinaswa, irudishe fimbo na uombe nyingine. Muuzaji wangu hakukasirika nilipofanya hivyo. Aliniletea fimbo tatu nichague, na adabu yake hiyo inastahili kutajwa.

Kuna watakaouliza kwa nini wasiongeze fedha na kutafuta fimbo ya kaboni, ambayo ni nyepesi zaidi na huhisi mguso wa samaki vizuri zaidi. Sifa hizo ni za kweli. Lakini kaboni hupitisha umeme, na sisi tunaishi katika mji ambao kuanzia Septemba hadi Mei mvua zake huja na radi, mara nyingi bila kutoa muda mrefu wa kujiandaa. Fimbo hii ni ya nyuzi za kioo, ambazo hazipitishi umeme kama kaboni, ingawa hakuna fimbo ndefu iliyolowa maji inayopaswa kushikwa ukingoni wakati ngurumo zinasikika. Siku ya mashindano mawingu yalijikusanya upande wa mlima Kahuzi kabla ya saa nne, na waandaaji walipuliza filimbi ya mwisho mara ya kwanza ngurumo iliposikika, ingawa dakika kadhaa zilikuwa zimebaki. Wachache walinung'unika. Mimi nilikuwa wa nne kwenye mizani, na dakika zile pengine zingenipandisha, lakini uamuzi ule ulikuwa sahihi kabisa na ningewaomba waandaaji wa mashindano yajayo wawe wakali vilevile.

Kuhusu matunzo, adui wa fimbo ya vipande vinavyoingiana ni mchanga. Chembe zikiingia kwenye maungio, vipande hukwama au hulika kidogo kidogo mpaka fimbo inaanza kujifunga yenyewe katikati ya kuvua. Isuuze kwa maji safi, ifute, iache ikauke ikiwa imevutwa nusu, na usiigonge chini ili kuifunga. Kipande kikikwama, kizungushe kwa mikono miwili badala ya kukisukuma. Kigurudumu kinahitaji tone la mafuta ya cherehani kwenye mhimili wa mkono na kwenye kile kijiti kinachopokea mshipi; zaidi ya hapo mafuta hukusanya vumbi. Kwa uangalifu huo yangu bado inafunguka na kufungwa bila kelele.

Ncha ndiyo itakayovunjika kwanza, kwa sababu ulaini wake ndio sifa yake. Muuzaji wa Kadutu huuza ncha pekee, lakini si zote zina unene mmoja, kwa hiyo anayekwenda kununua aende na kipande cha fimbo yake kinachoipokea ncha mkononi, aijaribishe ncha mpya ndani yake palepale, na aikague pete yake kwa pamba kabla ya kulipa.